Pinde za Wasichana Hawa

Siku Lhadon alipomwona Thukten kwa mara ya kwanza, yeye Lhadon alikuwa amesimama hatua tano mbele yake, anamtukana.

Hakuwa peke yake. Walikuwa wanawake kumi na wawili wameshikana mikono kando ya uwanja wa Changlimithang, na kazi yao Jumapili ile ilikuwa moja tu: kuimba, kucheza na kuwavuruga wapiga mishale wa timu pinzani. Thimphu nzima, mji mkuu wa Bhutan, ilikuwa imemiminika pale. Wazee walitafuna tambuu, watoto walipanda kuta, na harufu ya momo, maandazi yaliyojazwa nyama na kupikwa kwa mvuke, iliwafanya hata walioshiba wajione wana njaa. Lhadon alikuwa amevaa vazi refu la kira, la samawati lenye milia ya rangi ya chungwa, koti la hariri lenye wekundu wa zabibu, na chini, badala ya viatu vya heshima, raba nyeupe. Alikuwa mwalimu wa michezo. Viatu vingine vilimshinda.

Kijana aliyejipanga kupiga alikuwa mrefu, gho yake ya kijivu, joho la wanaume, imekazwa vizuri kiunoni, na alikuwa na masikio makubwa ajabu. Lhadon akaona hapo ndipo pa kuanzia.

"Jamani, tazameni masikio hayo!" akapaza sauti. "Upepo ukivuma kidogo yanampeleka mpaka mji wa Paro!"

"Paro! Paro!" wenzake wakaitikia wakipiga makofi.

Thukten alikuwa ameshavuta ugwe. Akacheka. Mshale ukamtoka vibaya, ukapita juu ya ubao wa shabaha kule mbali, ukajichomeka kwenye tuta. Wanawake wakapiga vigelegele.

Akageuka, akamtafuta aliyesema. "Dada, masikio haya nimerithi kwa marehemu babu yangu. Ukiyacheka, umemcheka mzee wa watu."

"Kumbe! Sasa babu yako alipataje mke?"

"Alikuwa analenga vizuri."

Akaweka mshale wa pili, akavuta, na safari hii hata kope haikucheza. Mshale ukagonga ubao, umbali wa mita mia na arobaini na tano. Wenzake wakaanza kucheza mstari mmoja, mguu juu mguu chini, na mmoja akamfunga kitambaa cha manjano mkandani. Thukten akamwinamia Lhadon kidogo, kama mtu anayetoa shukrani. Lhadon akajikuta anatabasamu, akajikaripia moyoni.

Wakati wa chakula cha mchana, wanaume walipokuwa wanakula wali mwekundu na pilipili zilizopikwa kwa jibini, Lhadon alipita karibu na kigogo walichotundikia pinde zao. Zilikuwa pinde za kapi, zile za kisasa zenye magurudumu madogo kila ncha na nyuzi zinazopishana katikati. Alikuwa na sababu ya kuzitazama. Akanyoosha mkono, akashika ule wa Thukten.

"We binti! Toa mkono!"

Alikuwa Apa Tobgay, "baba" kwa wote, nahodha wa timu ya Thukten, mzee wa miaka sitini, mdomo mwekundu kwa tambuu. "Mwanamke akigusa upinde siku ya fainali tumekwisha! Hamfundishwi nyumbani?"

Vichwa vikageuka upande ule. Lhadon mkono hakuutoa.

Thukten akaweka sahani chini. "Apa, upinde ni wangu. Mwache avute."

"Thukten!"

"Avute tu, Apa."

Lhadon akavuta. Ugwe haukusogea hata shubiri moja. Akakaza meno, akavuta tena, wapi. Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja tu hakucheka.

"Huo unataka nguvu ya ratili sitini," Thukten akasema polepole, akimsogelea. "Na urefu wake umepimwa kwa mikono yangu mimi. Ni kama umevaa kiatu changu ukaanguka, halafu watu wakakucheka miguu. Unataka kujifunza?"

"Si mimi. Nina wasichana sita shuleni. Kila siku wananiuliza kwa nini wavulana wanapiga mishale na wao wanaimba."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia waimbe kwa sauti. Nimechoka kuwajibu hivyo."

Thukten akaupokea upinde, akautundika. "Karakana yangu ya kutengeneza na kuuza pinde iko nyuma ya soko la mboga, ghorofa ya kwanza. Waje kesho, wote sita. Na usimpe hata mmoja wao upinde wowote kabla sijawapima."

Alasiri ile timu ya Thukten ilishindwa kwa pointi moja. Apa Tobgay alimtazama Lhadon tu, akatema tambuu.

*

Wasichana walipanda ngazi za karakana kwa kishindo kama farasi. Mdogo wao kuliko wote alikuwa Yangsel, miaka kumi na mitatu, mwembamba, binti wa mama anayeuza momo stendi ya mabasi. Aliingia, akaangaza ukutani, akauelekezea kidole upinde mkubwa mweusi.

"Kaka, mimi nipe ule. Nitakua nao."

"Koti unaweza kukua nalo," Thukten akasema. "Upinde usiokufaa unakufundisha makosa. Kosa likishaingia kwenye bega, hulifui likatoka. Simama hapa. Nyoosha mikono kama unamkumbatia mama yako na kapu lake la momo."

Wenzake wakacheka. Thukten akampima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akagawa kwa mbili na nusu, akaandika kwenye daftari. "Huo ndio mvuto wako, umbali ambao ugwe utarudi nyuma. Inchi ishirini na mbili. Ule mweusi unataka mtu wa inchi ishirini na nane. Ukiuvuta utajikunja nyuma kama mzee anayepiga chafya."

Akatoa upinde mwingine, mdogo, mwepesi, wa kijani. "Huu ndio wa kuanzia. Ukipata nguvu, nakaza skrubu hizi mbili, uzito unapanda. Mikono ikirefuka, nasogeza hiki kipande kwenye kapi, na mvuto unarefuka. Huna haja ya kukua uufikie. Wenyewe unakua na wewe."

Aliwakalisha mmoja mmoja juu ya meza, miguu inaning'inia, mshale ukielekea kwenye gunia la majani. "Vuta taratibu, mkono ukae usawa. Ukilazimika kuuelekeza juu ili uvute, ni mzito kwako, tunapunguza. Hakuna aibu. Na sikilizeni, hii ni ya wote: ugwe haufyatuliwi bila mshale. Hata kwa mchezo. Upinde utapasukia mkononi."

Kisha akawafundisha kutengeneza kitundu kwa viganja viwili na kumtazama yeye kupitia pale, ili ajue jicho lipi linaongoza. Watano walikuwa wa kulia. Alipofika kwa Yangsel, akasita.

"Wewe ni wa kushoto."

"Lakini naandika kwa kulia!"

"Kuandika andika. Jicho lako la kushoto ndilo bwana mkubwa, na upinde wako utakuwa wa kushoto. Ungepiga kwa kulia, ungekosa miaka mitatu na kila mtu angekuambia huna kipaji."

Yangsel akavimba kwa fahari kana kwamba amepewa cheo.

"Na mimi?" Lhadon akauliza kutoka mlangoni.

Wasichana wakatazamana. Lhadon akaunganisha viganja, akamtazama Thukten kupitia kitundu. Thukten naye akamtazama. Ikapita muda mrefu kuliko uliohitajika.

"Haya, jicho gani?" Lhadon akauliza.

"Samahani. Nimesahau kuangalia."

"Uuuuu!" wasichana sita wakapiga kelele kwa pamoja, na muuza jibini wa chini akagonga dari kwa fagio.

*

Baada ya hapo simu hazikupumzika.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je, Masikio?"

"Hivi jina langu kwenye simu yako ni nani?"

"Si nimeshakuita?"

"Lhadon! Na picha?"

"Picha ya sungura."

"Mimi nimekuandika Mwalimu Wangu. Ona tofauti ya malezi."

"Oo, samahani, mtoto wa watu. Nitabadilisha. Nitaandika Sungura."

Jumamosi walitembea kando ya mto, chini ya mierebi iliyoanza kuchipua. Thukten alimletea jibini kavu la maziwa ya yak, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, lile gumu la kutafuna nusu siku, akisema ni zawadi ya mapenzi ya kudumu. Alimfundisha kupiga mishale kwa upinde mwepesi, akisimama nyuma yake bila kumgusa, akisema tu, "Shusha bega, mpenzi. Sasa pumua." Neno lile lilimponyoka mara ya kwanza. Mara ya pili alilisema kwa makusudi, na Lhadon akakosa ubao mzima.

Tatizo lilikuwa pinde. Shule haikuwa nazo, na mashindano ya shule za Thimphu yalipangwa mwezi wa kumi. Hapo ndipo alipotokea Mjomba Gyem, kaka wa mama yake Lhadon, mkandarasi wa barabara, mtu mkubwa wa sauti na wa tumbo. Alikuwa amemlea Lhadon tangu baba yake alipofariki na alimpenda kwa kelele.

"Pinde sita? Hilo tu?" akanguruma mezani. "Nitanunua! Na si vitoto vya pinde, hapana. Zile zile wanazopiga wanaume. Mpwa wangu hawezi kupewa makombo!"

Lhadon akamrukia shingoni. "Nenda kwa Thukten, mjomba. Yeye anawajua wasichana wangu wote."

Mjomba akaenda. Baada ya saa moja, simu ya Lhadon ikalia.

"Yule mtu wako hana adabu!" Mjomba alikuwa anahema. "Nimesimama dukani kwake na nia njema, ananiambia haniuzii! Eti pinde hizo si za wasichana!"

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake! Pinde hizi si za wasichana. Nimetoka nimekanyaga ngazi mbili mbili."

Lhadon akakaa kitako. Wiki ile ile alikuwa amesikia sokoni kwamba Apa Tobgay anamtangazia kila mtu kuwa fainali ilipotezwa na mkono wa mwanamke. Alikuwa amelicheka jambo lile. Sasa hakulicheka. Akampigia Thukten.

"Ni kweli umekataa kumuuzia mjomba wangu?"

"Kweli. Ngoja nikueleze..."

"Ni kweli umesema pinde si za wasichana?"

"Lhadon, sikiliza..."

"Jibu tu, ndiyo au hapana!"

"Sikusema hivyo kama unavyodhani."

"Kwa hiyo umesema! Mbele ya watoto unatabasamu, mbele ya wanaume unarudi upande wao. Apa Tobgay amekurudisha kundini, sivyo? Angalau yeye alinitukana usoni!"

Sauti ya Thukten ikapoa kama chai ya jana. "Kama umeshaniamulia kuwa mimi ni mtu wa namna hiyo, maneno yangu yatasaidia nini?"

"Hayatasaidia kitu."

"Haya. Uwe na amani, mwalimu."

Alikata yeye kwanza. Lhadon aliitazama ile picha ya sungura mpaka kioo kikazima. Jina akalifuta, lakini vidole vyake vilishaijua namba.

*

Mjomba alinunua pinde kwingine. Zilikabidhiwa uwanjani mwa shule kwa hotuba, picha na chai ya siagi. Zilikuwa nzuri, nyeusi, zinang'aa, na wasichana walipozishika walipendeza sana kwenye picha. Kwa hasira, Lhadon hakutaka hata kukumbuka vipimo vya Thukten. Walipoanza kuzivuta, mambo yakawa mengine.

Watatu hawakuweza kabisa. Wawili waliweza kwa kujikunja. Yangsel hakutaka kushindwa mbele ya mwalimu wake. Aliupokea upinde wa kulia, kwa kuwa zote sita zilikuwa za kulia, akauelekeza angani, akaning'inia kwenye ugwe kwa uzito wake wote, na kitu kikalia begani. Akapiga ukelele. Mshale ukapaa, ukavuka ukuta wa shule, ukapita juu ya barabara, na kuchomeka kwenye shina la mwerebi, hatua mbili kutoka kwa bibi kizee aliyekuwa anazungusha gurudumu lake la sala.

Bibi hakuumia. Yangsel alifungwa bega kwa wiki tatu. Mkuu wa shule akafungia pinde stoo na kumwambia Lhadon, bila ukali, kwamba kikosi kimesimamishwa.

Jioni ile Lhadon alikaa kando ya kitanda cha Yangsel, mama yake akimpa mtoto supu.

"Mwalimu," Yangsel akasema, "kaka Thukten aliniambia ule wa inchi ishirini na nane utanikunja. Na kwamba mimi ni wa kushoto. Nilijua. Nilitaka tu usiaibike."

Lhadon akatoka nje bila kuaga vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba Gyem, akamkuta ameketi sebuleni, mkubwa na mnyonge, maana habari zilikuwa zimemfikia.

"Mjomba, naomba unikumbushe. Thukten alisema neno gani hasa? Neno kwa neno."

"Nimeshakuambia. Pinde hizi si za wasichana..."

"Neno kwa neno, mjomba."

Mjomba akafumba macho. Hakuwa mwongo, alikuwa tu mtu asiyesikia akikasirika. "Alisema... pinde hizi si za wasichana hawa. Ndiyo. Hawa. Akasema nina orodha yao, kila mmoja na kipimo chake. Akanipa karatasi. Mimi nilikuwa nimeshawaka, sikuisoma."

Akaingiza mkono kifuani mwa gho, mahali anapoweka kila kitu kuanzia simu hadi tambuu, akachokora, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Lhadon akaifungua. Majina sita, kwa mwandiko wa mtu anayejali. *Yangsel: kushoto. Inchi 22. Aanze ratili 15, asizidi 18 mwaka huu. Ana haraka, asimamiwe. Ana kipaji kuliko wote.*

Neno moja tu. Hawa. Mjomba alilidondosha njiani, na yeye Lhadon hakurudi nyuma kuliokota.

"Nimekosa, mwanangu," Mjomba akasema.

"Mimi nimekosa zaidi."

Jumapili asubuhi alikwenda Changlimithang, kwa kuwa Jumapili Thukten hakosekani pale. Timu ilikuwepo, yeye hakuwepo. Wanaume walimtazama Lhadon akivuka uwanja na raba zake mpaka mbele ya Apa Tobgay.

"Shikamoo, Apa. Namtafuta Thukten."

"Hapigi hapa tena." Mzee alikuwa anapaka chokaa kwenye jani la tambuu, hakuinua macho. "Nilimwambia siku ile ile baada ya fainali: achague. Kuwapimia wanawake pinde au kupiga na sisi. Miaka minane amepiga na sisi. Hakufikiri hata muda wa kutafuna jani hili."

"Siku ile ile?"

"Kabla hata hamjaja dukani kwake. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Majira yote yale ya simu na mierebi, hakumwambia hata siku moja.

*

Alimkuta karakanani, amevaa gho iliyoshushwa kiunoni, anafunga uzi mpya kwenye upinde wa mteja. Thukten akamwona, akaendelea kufunga.

"Bega la Yangsel linaendeleaje?"

"Linapona." Lhadon akabaki mlangoni. "Thukten, nimekuja kukuomba msamaha. Na sitaki kuupamba. Nilikuhukumu kwa maneno ya mtu mwingine na sikukupa hata nafasi ya kumaliza sentensi. Mtoto ameumia kwa ajili ya kiburi changu."

"Si chako peke yako. Niliwajua wale watoto. Nilijua mjomba wako atanunua kwingine. Ningekuja shuleni mwenyewe, nisimame mlangoni kama mbwa mpaka unisikilize. Badala yake nilikaa hapa najihurumia." Mikono ikasimama. "Kilichoniuma ni kimoja. Nilitaka uniulize vizuri mara moja tu."

"Nakuuliza sasa. Kwa nini hukuniambia kuhusu timu?"

"Ungejiona una deni kwangu. Sikutaka unipende kwa huruma."

"Huruma!" Lhadon akacheka na machozi yakamtoka hapo hapo. "Mtu mwenye masikio kama hayo, kweli angetegemea huruma?"

Thukten akajaribu kukaza uso. Ukamshinda. Alikuja mpaka mlangoni, akamfuta mashavu kwa kitambaa kilichonuka nta ya nyuzi.

"Nimekukumbuka, Masikio," Lhadon akanong'ona.

"Bado ni sungura kwenye simu?"

"Nilikufuta."

"Ah!"

"Halafu nikakupigia kwa kichwa. Namba nimeikariri. Nikawa nakata kabla haijaita."

Kabla Thukten hajajibu, ngazi zikalia kwa kishindo. Alikuwa Mjomba Gyem, amebeba pinde zote sita kifuani kama kuni, jasho linamtiririka. Mkuu wa shule alikuwa amemfungulia stoo. Akaziweka juu ya meza.

"Bwana Thukten. Mimi ni mtu wa barabara. Nikitaka kujenga daraja namwita mhandisi, simfundishi kazi. Hapa nilimfundisha mhandisi. Ziuze hizi, tupate zinazowafaa watoto. Pesa ikipungua, nitaongeza mimi."

"Karatasi bado unayo, mjomba?"

"Anayo huyu," Mjomba akasema, akimwonyesha Lhadon kwa kidevu, "na hairudishi."

*

Pinde mpya zilikuja mwezi wa sita. Ndogo, nyepesi, tano za kulia na moja ya kushoto. Thukten alizifunga moja moja kwa vipimo vyake, akaenda kwa mkuu wa shule, akamweleza nusu saa nzima, akamwonyesha wavu mpya nyuma ya shabaha, mpaka mkuu akampa ufunguo mkononi. Kila alasiri wasichana walipiga, kwanza hatua kumi, kisha ishirini, kisha mita thelathini. Bega la Yangsel lilipopona alianza na ratili kumi na mbili na hakulalamika. Alikuwa amejifunza haraka inagharimu nini.

Siku ya mashindano, mwezi wa kumi, anga la Thimphu lilikuwa safi kama bakuli lililooshwa. Timu tisa, nane za wavulana. Wasichana walivaa kira nyeusi zenye nyota nyekundu, zimefumwa na mama zao, na walipoingia uwanjani kulikuwa na kicheko kidogo upande wa nyuma. Kilikoma raundi ya pili.

Walipiga kama walivyofundishwa: bega chini, pumzi, kimya. Timu mbili za wavulana zikatolewa. Nusu fainali wakafungwa, na hakuna aliyelia. Ikabaki medali ya nafasi ya tatu, na mwishoni ikabaki mshale mmoja, wa Yangsel. Akipata tisa, wanatoa sare. Kumi, wanashinda.

Yangsel akasimama upande wa kushoto, kinyume na wote. Akavuta taratibu, mkono usawa kama ubao. Wavulana wa timu pinzani wakaanza kumwimbia: "Kijiti kinavuta kijiti!" Hakucheka. Mshale ukaondoka, na mlio wake ubaoni ukasikika kabla mtu hajajua umefika wapi.

Mwamuzi akainua vidole vyote kumi.

Mama yake Yangsel aliacha momo zinaungua. Alikimbia na aproni yake mpaka katikati ya uwanja, akavua skafu nyekundu shingoni mwake na kumfunga binti yake mkandani, kama wanavyofungwa wanaume. Mjomba Gyem akaanza kucheza peke yake, mguu juu mguu chini, tumbo likifuata kwa nyuma, kisha mstari ukamjia, wazee, wazazi, walimu, hata wale wavulana. Lhadon alisimama tu. Aliwatazama wasichana wake sita wamekumbatiana.

Umati ulipopungua, Apa Tobgay akatokea, ameshika mkono wa msichana wa miaka kumi.

"Mjukuu wangu," akamwambia Thukten, akiangalia pembeni. "Ameniambia nikirudi nyumbani bila kumpeleka kupimwa, hanisemeshi tena. Kesho mko wazi?"

"Tuko wazi, Apa."

Mzee akakohoa. "Na Jumapili tuna mechi. Nafasi yako haina mtu."

"Nitakuja, Apa. Lakini upinde wangu utaguswa na ninayempenda."

Apa Tobgay akamtazama Lhadon kutoka raba hadi nywele. "Basi aguse mapema," akasema, "asitucheleweshe." Akaondoka akivutwa na mjukuu.

Thukten akamgeukia Lhadon. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Lhadon. Kwenu kuna nafasi ya mtu mmoja? Mtu mtulivu, anakula chochote, anajua kutengeneza vitu vilivyoharibika. Nataka kuhamia kwenu, kama ilivyo desturi. Nataka twende mahakamani tukaandikishe ndoa, uwe mke wangu mbele ya watu."

"Kwetu wanapika pilipili kali."

"Nitalia nikila."

"Mama yangu anaamka saa kumi kusali, anapiga kengele."

"Nitaamka."

"Na mjomba anakuja kila Jumamosi kutoa hotuba."

Thukten akavuta pumzi ndefu. "Hata hilo."

Lhadon akatoa simu, akapiga, akiwa amemkazia macho. Upande wa pili mama yake akapokea kabla ya mlio wa pili, maana alikuwa ameshinda ameikalia.

"Mama! Wanangu wameshinda. Wa tatu Thimphu nzima. Ndiyo, hata wavulana walikuwemo. Yangsel kapiga kumi!" Akasikiliza vigelegele vya mama yake. "Ndiyo, Mama. Tunakuja. Ongeza wali, nakuja na mtu."

"Mtu gani?" sauti ya mama ikasikika wazi, hata Thukten akaisikia.

Lhadon akamshika mkono.

"Wangu, Mama."